Nyota Zinapoendana: Jinsi Unajimu Unavyowapima Wapenzi, na Vipimo Hivyo Vikipimwa Vyenyewe

Mtu anaposema kwamba nyota yake na ya mchumba wake haziendani, huenda anazungumzia mambo matatu au manne yasiyohusiana kabisa. Pengine amesoma ukurasa wa utabiri gazetini na kukuta kwamba Nge na Ndoo hawakai nyumba moja. Pengine mnajimu amewachorea wote wawili ramani ya anga ya saa waliyozaliwa, akaiweka moja juu ya nyingine na kutikisa kichwa. Pengine alama zao zimejumlishwa kwa utaratibu wa Kihindi zikatoka 14 kati ya 36. Au pengine hakuna aliyetazama anga hata kidogo: herufi za majina yao na ya mama zao zimegeuzwa kuwa hesabu, zikajumlishwa na kugawanywa. Kila njia kati ya hizo ina kanuni zake, historia yake na makosa yake, na jibu la moja haliwezi kuchukuliwa kuwa jibu la nyingine. Kwa hiyo ni vema kuzitenganisha kwanza, kisha ndipo tuulize kama ipo yoyote inayojua lolote kuhusu namna watu wawili watakavyoishi pamoja.

Njia inayojulikana zaidi ndiyo nyepesi kuliko zote. Njia ambayo Jua huonekana kuipita angani kwa mwaka mzima, yenye nyuzi 360, imekatwa vipande 12 viitwavyo nyota, vya nyuzi 30 kila kimoja, kuanzia Punda hadi Samaki. Kila nyota imepewa asili moja kati ya nne: Punda, Simba na Mshale ni za moto, Ng'ombe, Mashuke na Mbuzi ni za udongo, Mapacha, Mizani na Ndoo ni za hewa, Kaa, Nge na Samaki ni za maji. Moto huambiwa upatane na hewa, na udongo upatane na maji. Maelezo hayo husikika kama hekima inayotokana na kuitazama dunia, kwa kuwa upepo kweli huchochea moto na maji kweli hulainisha udongo, lakini chini yake kuna jiometri tupu. Nyota za asili moja ni zile zinazotengana kwa nyuzi 120, na hizo husemwa kuwa na amani. Zinazotengana kwa nyuzi 60 husemwa kuwa marafiki. Zinazotengana kwa nyuzi 90 hugombana.

Tumchukue mtu wa nyota ya Simba. Wenzake wa amani ni Punda na Mshale, marafiki zake ni Mapacha na Mizani, na kwa kawaida huongezewa Simba mwenzake. Wagomvi wake ni Ng'ombe na Nge. Kaa, Mashuke, Mbuzi na Samaki huwa hawamhusu sana, kwa sababu pembe zao za nyuzi 30 na 150 hazikuhesabiwa na wanajimu wa kale kuwa zinatazamana kabisa. Anayebaki ni Ndoo, aliye upande wa pili kwa nyuzi 180, na hapo ndipo vitabu vinapogawanyika: baadhi huandika kwamba hao wawili ni maadui, vingine kwamba wanavutana kuliko wote, maana nafasi ya saba kutoka kwenye nafasi ya mtu mwenyewe ndiyo nafasi ya ndoa. Msomaji mwenye mpenzi wa Ndoo anaweza kuchagua.

Ikumbukwe kwamba ukurasa huu wa gazeti si wa kale kama unavyojionyesha. Klaudio Ptolemeo, aliyeandika huko Aleksandria katika karne ya 2, alifundisha kwamba ndoa hudumu pale Jua na Mwezi katika ramani za wote wawili zinapotazamana kwa pembe za nyuzi 60 au 120, hasa Mwezi wa mmoja na Jua la mwingine. Hiyo ni kazi inayohitaji ramani mbili kamili. Kuwapima watu kwa tarehe ya kuzaliwa peke yake kulienea baada ya Agosti 1930, wakati gazeti la Sunday Express la London lilipomwomba mnajimu R. H. Naylor aandike juu ya kuzaliwa kwa binti mfalme Margaret; makala hiyo ilipendwa, safu ikawa ya kudumu, na magazeti mengine yakafuata. Gazeti haliwezi kumchorea kila msomaji ramani yake, lakini linaweza kumwambia yeyote aliyezaliwa kati ya tarehe fulani na fulani asome aya ya tano. Wanajimu wenyewe walio makini huidharau njia hii, na katika hilo nakubaliana nao.

Wao hutumia ramani nzima. Ramani ya kuzaliwa ni mchoro unaoonyesha mahali Jua, Mwezi na sayari zilipokuwa dakika ile mtoto alipozaliwa, zikitazamwa kutoka mahali alipozaliwa, pamoja na nyota iliyokuwa inachomoza mashariki. Kulinganisha ramani mbili huitwa sinastria. Katika kulinganisha huko Mwezi husimamia hisia na mazoea ya nyumbani, Zuhura husimamia mapenzi na kile mtu anachokiona kizuri, Mirihi husimamia tamaa na hasira, na Zohali husimamia wajibu na uvumilivu. Zuhura ya mmoja ikikutana na Mirihi ya mwenzake, huambiwa kuna mvuto wa mwili. Zohali ya mmoja ikiugusa Mwezi wa mwingine, wanajimu wengine huona uhusiano wa kudumu na wengine huona ubaridi, na wapo wanaoona yote mawili kwa pamoja. Kuna pia ramani ya pamoja, inayopatikana kwa kutafuta kati ya sehemu mbili: Jua la wapenzi likiwa katikati ya Jua la huyu na la yule, na kadhalika kwa kila sayari, hadi upatikane mchoro wa tatu wa anga ambayo haikuwahi kuwapo siku yoyote.

Njia hii inastahili kuchunguzwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayovutia watu wasomi na ndiyo inayokimbiliwa kila nyota za magazetini zinapokosolewa. Tuhesabu. Jua, Mwezi na sayari nane zinazotumiwa leo hufanya vitu 10. Vitu 10 vya mmoja vikilinganishwa na 10 vya mwingine, tunapata jozi 100. Pembe zinazohesabiwa kwa kawaida ni tano: kukutana, nyuzi 60, 90, 120 na 180. Kwa kuwa ni nadra pembe kuwa kamili, mnajimu huruhusu ipungue au izidi kidogo. Tuseme nyuzi 6 kila upande, kiasi ambacho si cha ukarimu sana. Kukutana kunachukua nyuzi 12 za duara, kuwa upande wa pili nyuzi 12, na kila moja ya pembe tatu zilizobaki nyuzi 24, kwa sababu inaweza kutokea mbele au nyuma. Jumla ni nyuzi 96 kati ya 360. Maana yake ni kwamba watu wawili wowote, hata kama hawajawahi kuonana na hawatawahi kuonana, watakuwa na pembe takriban 27 kati yao: kama 13 za amani, 10 za ugomvi na 3 au 4 za kukutana.

Mtu anayefahamu hesabu hiyo hashangai tena kuona kwamba mnajimu hakosi la kusema. Akiambiwa kwamba wawili hao wameoana miaka thelathini kwa furaha, zipo pembe 13 za kuelezea furaha hiyo. Akiambiwa wameachana, zipo 10 za kueleza walichogombania. Tena baadhi ya pembe hizo si zao peke yao. Uranus huzunguka Jua kwa miaka 84, Neptune kwa takriban 165 na Pluto kwa takriban 248, kwa hiyo watu wa rika moja huzaliwa na sayari hizo karibu mahali palepale, na "kukutana" kwa Neptune zao ni jambo wanaloshiriki na kila aliyesoma nao darasa moja. Mnajimu mzuri anajua hili na hulipuuza. Programu za simu zinazotoa asilimia ya mapenzi kwa sekunde mbili si lazima zilijue.

Halafu kuna suala la saa. Nyota inayochomoza hubadilika kila baada ya saa mbili hivi, na sehemu yake husogea uzi mmoja kwa kila dakika nne. Mtu asiyejua saa aliyozaliwa hana nyota inayochomoza, hana nyumba kumi na mbili za ramani, yaani sehemu za anga zinazohesabiwa kuanzia nyota hiyo inayochomoza, na hivyo hana hata nyumba ya saba, ile ya ndoa. Mwezi nao hukaa katika nyota moja kwa takriban siku mbili na nusu tu. Anayejua tarehe peke yake hubaki na Jua, Zuhura, Mirihi na sayari za mbali, na hata hapo Zuhura haina uhuru mkubwa: ikitazamwa kutoka duniani haijitengi na Jua kwa zaidi ya nyuzi 48, kwa hiyo mtu wa Simba hawezi kuwa na Zuhura kwingine ila Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke au Mizani.

Utaratibu wa Kihindi ni wa namna nyingine kabisa. Hapo hakuna tafsiri ndefu ya tabia. Kuna mtihani wenye alama. Njia ya Mwezi imegawanywa katika vituo 27, na kituo alichozaliwa nacho kila mmoja, pamoja na nyota ambamo Mwezi wake ulikuwa, ndivyo vinavyotumika kutoa alama katika mambo manane. Jambo la kwanza lina alama 1, la pili 2, na kuendelea hadi la nane lenye alama 8, jumla 36. Kwa desturi ya wengi, chini ya 18 ndoa haishauriwi. Jambo lenye uzito kuliko yote huitwa nadi, na linahusishwa na afya na uzazi. Vituo 27 vimegawanywa katika nadi tatu, tisa kwa kila moja, na wawili wakiwa wa nadi moja hupata sifuri mahali ambapo wengine wanapata 8. Kwa kuwa nadi ni tatu na zinalingana kwa idadi, jozi moja kati ya kila tatu itakutwa na kasoro hiyo kwa bahati tu. Aidha, Mwezi hupita kituo kimoja kwa takriban siku moja, ndiyo maana watu wote waliozaliwa ulimwenguni katika siku hiyo hupata alama zinazokaribiana mno wakilinganishwa na mtu yuleyule.

Juu ya alama hizo huongezwa kasoro ya Mirihi. Mtu ambaye Mirihi yake iko katika nyumba ya 1, 4, 7, 8 au 12 huitwa manglik, na huogopwa kuwa atamletea mwenzi wake maradhi, ugomvi au hata kifo, isipokuwa aoane na mwenye kasoro kama yake. Nyumba tano kati ya kumi na mbili ni takriban asilimia 42 ya watu. Wapo wanaoongeza nyumba ya 2, na hapo tunafika nusu. Wapo pia wanaohesabu nyumba si kutoka kwenye nyota inayochomoza peke yake bali pia kutoka kwa Mwezi na kutoka kwa Zuhura. Kwa makadirio ya haraka, ukikubali kasoro ipatikanayo kwa hesabu yoyote kati ya hizo tatu, takriban watu wanane kati ya kumi watakuwa nayo. Ndiyo maana vitabu vya fani hiyo vimejaa orodha ndefu za mambo yanayoifuta kasoro. Utaratibu uliowatia hatiani watu wengi kiasi hicho ulihitaji njia ya kuwaachia, vinginevyo harusi zingekwisha.

Kuhusu njia ya Kichina tunaweza kupita haraka. Katika sura yake maarufu, wanyama 12 hupewa miaka kwa zamu, na mwaka huo huanza kati ya mwishoni mwa Januari na Februari, si tarehe 1 Januari. Wanyama wanaotengana kwa miaka minne au minane hupatana, kama Panya, Joka na Nyani. Wanaotengana kwa miaka sita hugongana, kama Panya na Farasi. Ukiitazama vizuri utaona kwamba inachopima ni tofauti ya umri tu. Mwanamume aliyemzidi mkewe kwa miaka minne atapewa baraka, aliyemzidi kwa sita atanyimwa, bila kujali wamezaliwa mwaka gani.

Njia ya abjadi nayo hujiita elimu ya nyota ingawa haihitaji anga. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake. Jina la mtu na la mama yake hujumlishwa, jumla hutolewa kumi na mbili mara kwa mara, na kinachobaki ndicho nyota yake. Tuchukue Ali mwana wa Amina. Ali ni 70 na 30 na 10, jumla 110. Amina ni 1, 40, 10, 50 na herufi ya mwisho. Wanaoihesabu herufi hiyo ya mwisho kama ha huipa 5, kwa hiyo Amina huwa 106 na jumla ya wawili 216, ambayo hugawanyika kwa 12 bila baki, na Ali ni Samaki. Wanaoihesabu kama ta huipa 400. Jumla huwa 611, baki 11, na Ali ni Ndoo. Mchumba wake aliyekubalika kwa hesabu ya kwanza anaweza kukataliwa kwa ya pili, na anga halijasogea.

Kutopatana kwa njia hizi si jambo dogo la pembeni. Hata unajimu wa Magharibi na wa Kihindi, unaotumia nyota kumi na mbili zilezile kwa majina, hauanzii kuhesabu mahali pamoja. Mhimili wa dunia huyumba polepole, uzi mmoja kwa takriban miaka 72, na mzunguko mzima huchukua karibu miaka 26,000. Unajimu wa Magharibi umelifunga duara lake kwenye majira, yaani Punda huanza Jua linapofika ikweta mwezi Machi. Wa Kihindi umelifunga kwenye nyota zenyewe zinazoonekana angani. Tofauti kati yao leo ni takriban nyuzi 24, kwa hiyo wengi wanaojiita Simba huko Magharibi ni Kaa kwa Mhindi. Kwa haki yao, wanaotumia sinastria wanaweza kujibu kwamba jambo hili haliwaumizi sana: ikiwa ramani zote mbili zimesogezwa kwa nyuzi 24, pembe kati ya Zuhura ya huyu na Mirihi ya yule inabaki ileile. Jibu hilo ni sahihi. Lakini linaziacha bila ulinzi asili za moto, udongo, hewa na maji, na ndizo watu wengi wanazozitumia kuamua.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Kama nyota zinazopatana zinasaidia ndoa, basi katika kundi kubwa la watu waliooana zitaonekana zaidi ya inavyotarajiwa kwa bahati, na katika kundi la walioachana zitaonekana pungufu. Hilo linaweza kuhesabiwa, na limehesabiwa. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Bernard Silverman alichapisha uchunguzi wa ndoa 2,978 na talaka 478 za jimbo la Michigan nchini Marekani, za miaka ya 1967 na 1968. Nyota zilizosemwa kuwa zinapatana hazikuonekana zaidi kwa waliooana wala pungufu kwa walioachana. David Voas wa Chuo Kikuu cha Manchester alitumia sensa ya mwaka 2001 ya Uingereza na Wales, yenye zaidi ya ndoa milioni 10, idadi ambayo ingefichua hata athari ndogo mno. Mwanzoni palionekana ongezeko dogo la wanandoa wenye nyota moja. Alipolichunguza alikuta si mapenzi bali makosa ya kujaza fomu: baadhi ya watu walioandika kwa niaba ya wenzi wao waliandika tarehe yao wenyewe au inayofanana nayo. Makosa hayo yalipoondolewa, hapakubaki kitu. Mwaka 2020 Jonas Helgertz na Kirk Scott walitumia kumbukumbu za Sweden za miaka 1968 hadi 2001 kuchunguza ndoa na talaka kwa pamoja, nao hawakupata uthibitisho wowote.

Wapo waliosema wamepata. Gunter Sachs, mfanyabiashara na mpiga picha, alidai mwaka 1997 kwamba kumbukumbu za Uswisi zinaonyesha baadhi ya nyota huoana zaidi ya nyingine. Lakini nyota 12 za wanaume kwa 12 za wanawake ni jozi 144, na kwa kipimo cha kawaida cha takwimu, kinachokubali kosa moja kati ya ishirini, takriban jozi 7 zitaonekana za ajabu hata kama hakuna ajabu yoyote. Dawa ya tatizo hili inajulikana: jozi zilizojitokeza zitafutwe tena katika kundi jingine la watu. Mwanasaikolojia Carl Jung, ambaye hakuwa adui wa unajimu, alikumbana na jambo hilo hasa. Katika kundi lake la kwanza la jozi 180 za wanandoa, pembe iliyoongoza ilikuwa Mwezi wa mke kukutana na Jua la mume, sawasawa na mapokeo ya kale, na mtu angeweza kuishia hapo akatangaza ushindi. Katika kundi la pili la jozi 220 iliongoza nyingine, Mwezi kukutana na Mwezi. Katika la tatu la 83 ikaongoza nyingine tena, Mwezi na nyota inayochomoza. Yalipounganishwa makundi yote matatu, jozi 483, ule uongozi ulififia. Jung aliamua kwamba hiyo ilikuwa bahati yenye maana. Mtu wa takwimu angesema ni bahati, akaweka nukta.

Pingamizi la wanajimu hapa linafahamika, nalo lina uzito wake: uchunguzi wa Michigan, wa Uingereza na wa Sweden ulitazama nyota ya Jua tu, na wao hawadai kwamba Jua peke yake linatosha. Hata hivyo Jua halidaiwi kuwa si kitu. Likiwa na mchango hata mdogo, ndoa milioni 10 zingeuonyesha. Tena ramani nzima nayo imewahi kupimwa, ingawa si kwa wapenzi: katika jaribio la Shawn Carlson lililochapishwa katika jarida la Nature mwaka 1985, wanajimu wenye uzoefu walipewa ramani ya mtu pamoja na maelezo ya tabia za watu watatu yaliyotokana na dodoso la kisaikolojia, wakaombwa wachague yaliyo yake. Walipatia takriban mara moja kati ya tatu, sawa na anayekisia. Jaribio hilo limezua ubishi wa muda mrefu. Lakini kama ramani haimtambulishi mtu mmoja, ni vigumu kuona itakavyotambulisha uhusiano wa wawili.

Kwa nini basi watu wengi, wengine wenye akili kuliko wakosoaji wao, husikia maelezo ya mnajimu na kusema "hasa, ndivyo tulivyo"? Sehemu ya jibu ilionyeshwa na mwanasaikolojia Bertram Forer mwaka 1948, alipowapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao na kuwaomba wayape alama kuanzia 0 hadi 5. Wastani ulikuwa karibu 4.3. Wote walikuwa wamepewa maelezo yaleyale. Maelezo ya wapenzi yana nafasi kubwa zaidi ya kufaulu kwa njia hiyo, kwa kuwa ni wapenzi gani ambao mmoja wao hapendi kuzungumza mambo yaishe na mwingine kunyamaza hadi yaishe yenyewe? Sehemu nyingine ya jibu ni kwamba mtu huifuata nyota yake baada ya kuijua. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanasaikolojia Hans Eysenck na wenzake waliona katika majibu ya watu ule uchangamfu ambao unajimu unautabiri kwa nyota za moto na hewa. Uchunguzi uliofuata ukaonyesha kwamba jambo hilo liko kwa wale wanaojua nyota zao husemwa kuwa na tabia gani, na halipo kwa wasiojua.

Kwa hiyo imani ina nguvu hata pale anga haina. Huko Japani mwaka 1966 ulikuwa mwaka wa Farasi wa Moto, unaorudi kila baada ya miaka 60, na msichana anayezaliwa mwaka huo huaminiwa kuwa atamletea mumewe balaa. Watoto waliozaliwa mwaka 1965 walikuwa takriban milioni 1.82, mwaka 1966 walishuka hadi takriban milioni 1.36, pungufu kwa robo nzima, kisha mwaka uliofuata wakapanda tena. Wazazi walikuwa wanawahurumia mabinti ambao bado hawajazaliwa, kwa sababu ya wachumba ambao nao bado hawajazaliwa. Ndivyo pia kasoro ya Mirihi inavyofanya kazi: mwanamke anayeambiwa ni manglik hukosa wachumba kwa sababu ya neno hilo lenyewe, na kukosa huko huhesabiwa kuwa ushahidi.

Upande mwingine, sitaki kukana kwamba watu hutoka kwa mnajimu wakiwa wamefaidika. Wawili wanapoketi kuzungumza kwa saa nzima juu ya hasira, fedha, faragha na namna kila mmoja anavyotaka kubembelezwa, wamefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi kabla ya ndoa, na haijalishi sana kwamba mazungumzo yalifunguliwa na Mirihi. Mwaka 2020 Samantha Joel na wenzake walikusanya data za jozi 11,196 za wapenzi kutoka tafiti 43 na kuona kwamba kinachotabiri kuridhika kwa mtu katika uhusiano ni zaidi namna anavyouona uhusiano wenyewe, kama vile kuamini kwamba mwenzake amejitoa na kuhisi kwamba anathaminiwa, kuliko sifa ambazo kila mmoja alikuja nazo. Unajimu unalitafuta jibu kwenye kile mtu alichokuja nacho tangu dakika ya kwanza. Mazungumzo unayoyazusha huenda yakagusa mahali pengine, panapofaa zaidi.

Tofauti iko kwenye hukumu. Anayeambiwa "zungumzeni kuhusu jambo hili" hajapoteza kitu. Anayeambiwa "achaneni" ana haki ya kuuliza maswali. Aulize ni duara gani limetumika, la majira au la nyota. Aulize saa ya kuzaliwa ilitoka wapi na ina uhakika gani, maana dakika ishirini zinaweza kuihamisha nyumba ya saba. Aulize pembe imeruhusiwa kupungua kwa nyuzi ngapi, na kama kiasi hicho kiliamuliwa kabla ya kuziona ramani au baadaye. Na kama ndoa yenyewe inategemea jibu, amwombe mnajimu jaribio moja: aletewe jozi sita za ramani, tatu za wanandoa walioishi pamoja miaka mingi na tatu za watu wasiojuana, majina yakiwa yamefutwa na wanaume wakiwa wamelinganishwa na wanawake wa umri unaokaribiana ili tarehe zisimsaidie kukisia, kisha atenge zilizo za wanandoa.